Kutoka Shirimatunda hadi Jengo la KNCU

Leo nataka tuzungumze habari ya kutembea kwa miguu.

Mgeni akishuka stendi kuu ya Moshi, hata begi halijatolewa kwenye buti la basi, ameshaulizwa: mlima? mbuga? kahawa? Vijana wetu wanaoongoza watalii wanazijua njia zote za Kilimanjaro, Marangu na Machame, Umbwe na Rongai, Lemosho. Wanayajua maporomoko ya Materuni, na wanajua kumpa mgeni mchi atwange kahawa huku wanakijiji wakimwimbia. Chemchemi ya Chemka wanaijua. Sina ugomvi na kazi hiyo. Imejenga nyumba nyingi mjini hapa na kusomesha watoto wengi. Ninacholalamikia ni kwamba mji wenyewe tunaupita tu. Mgeni analala Moshi, anakula mtori Moshi, anaondoka asijue kwamba barabara alizovuka zina historia ya watu waliokaa chini, wakafikiri, wakatengeneza kitu ambacho hakikuwapo. Na kinachoniuma zaidi, mtoto aliyezaliwa hapa hapa Majengo au Pasua anaweza kumaliza kidato cha nne asiijue historia hiyo.

Mimi napendekeza matembezi ya mguu ya historia ya ubunifu wa Moshi. Yaanzie Shirimatunda, pembezoni mwa Manispaa, yaingie mjini kwa kupitia Karanga, yafike stesheni ya reli, na yaishie kwenye jengo la chama kikuu cha ushirika, KNCU. Watakaobaki na nguvu wapande daladala hadi hospitali ya KCMC. Anayeongoza asiwe na haraka, na kila kituo kiwe na swali moja: hapa nani alibuni nini, kwa shida gani, na baadaye kikawaje?

Wenzetu wanayo matembezi ya namna hii. Dar es Salaam, ndani ya Boma la Kale lililojengwa zama za Sultan Majid katika miaka ya 1860, kipo kituo cha urithi wa usanifu majengo, DARCH, ambacho huwatembeza watu katikati ya jiji na kuwasomesha kuta na madirisha. Zanzibar, hata baada ya sehemu ya Beit el Ajaib kuporomoka Desemba 2020, waongozaji wa Mji Mkongwe bado wanasimulia jinsi Sultan Barghash alivyoijenga mwaka 1883, na jinsi ilivyokuja kuwa na umeme na lifti wakati sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa inawasha taa ya mafuta. Toronto, Kanada, tangu mwaka 2007 wakazi hutembezana wenyewe mitaani bila malipo, kwa kumkumbuka mwandishi Jane Jacobs, aliyetumia maisha yake kutetea mitaa ya watu wa kawaida. Huo mfano wa Toronto ndio unaonivutia kuliko yote, kwa sababu haumsubiri mtalii. Mkazi anamtembeza mkazi mwenzake.

Sasa, kwa nini Shirimatunda? Kuna atakayesema kwamba huko hakuna kitu: nyumba mpya za tofali, viwanja vinavyouzwa, bodaboda na migomba iliyobakia kati ya ukuta na ukuta. Ni hayo hayo ninayoyataka. Historia ya ubunifu ikianzia kwenye mnara wa saa au kwenye jengo la Mjerumani, mtoto ataondoka akiamini kwamba kufikiri kulikuja na reli. Ikianzia penye migomba, itabidi tumweleze kwanza habari ya mfongo.

Wasikilizaji wa nje ya Kilimanjaro mtaniwia radhi, wenyeji wanalijua neno hili tangu utotoni. Mfongo ni mfereji wa maji uliochimbwa kwa mkono kutoka kwenye korongo la mto huko juu, ukazungushwa ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Kwenye mto waliweka banio la mawe, matawi, migomba na udongo. Hapo ndipo palipotaka akili. Mteremko wa mfereji ukiwa mkali, maji yanakula kingo na kubomoa. Ukiwa mdogo mno, maji yanasimama na kuacha tope. Aliyechimba alipaswa kuupata mteremko wa katikati kwa mwendo wa kilomita kadhaa, kwenye ardhi yenye mabonde na miamba, bila darubini ya mpima ardhi. Palipokuwa na bonde dogo alivusha maji juu ya gogo lililochimbwa katikati. Na kwa kuwa maji ya usiku hayana mtumiaji, walichimba mabwawa madogo, nduwa, yakajaa wakati watu wamelala na kufunguliwa alfajiri. Mmisionari Charles New, aliyefika huku mwaka 1871, aliikuta mifereji hii ikifanya kazi. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi kwa mtawala wake, Mangi Rindi, mwaka 1884, naye aliiandika. Haikuwa mipya walipofika.

Lakini mfereji ni nusu ya ubunifu. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni jinsi walivyougawana. Ukoo wa yule aliyeuchimba ulitoa msimamizi. Maji yalikwenda kwa zamu: leo kihamba hiki, kesho kile, wa juu asimsahau wa chini. Ilipofika siku ya kusafisha mfongo, kila mwenye zamu alipaswa kutokea na jembe lake, na asiyetokea alitozwa. Ugomvi ulisikilizwa pale pale na watu wanaoujua mfereji huo kila kona. Hakukuwa na karani, wala daftari, wala bomba la kufunga kwa kufuli, na bado mamia ya mifongo ilitiririka miaka na miaka. Mhandisi yeyote atakuambia kwamba kujenga mfereji ni rahisi kuliko kuufanya udumu.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo, na kila kituo cha matembezi haya kitaikuza. Watu wa mlima huu walibuni vyombo, ndiyo, lakini walichokibuni kwa ustadi mkubwa kuliko vyote ni mapatano: namna ya watu wengi kutumia kitu kimoja bila kumalizana.

Kihamba chenyewe ni ushahidi. Juu kabisa pana miti, mringaringa na wenzake, inayotoa kivuli na mbao. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na mboga. Ng'ombe anafungiwa ndani, majani analetewa, na samadi yake inarudi kwenye mgomba. Mpakani pamepandwa isale. Jani hilo hilo la isale ndilo mtu anapeleka kwa aliyemkosea anapoomba msamaha, na mwenye kuletewa isale ana kazi ngumu ya kukataa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kijiji cha Shimbwe Juu, kwa sababu ya kilimo hicho cha vihamba, kuwa moja ya maeneo ya urithi wa kilimo duniani. Ni watoto wangapi wa Moshi wanaolijua hilo?

Mwongozaji asimame hapo Shirimatunda pia kusema ukweli wa leo. Mifongo mingi imekufa. Vijana wametawanyika mijini, maji ya bomba yamefika, na wanaotaka kutumia maji ya mto siku hizi wanaomba kibali Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake zipo hapa hapa Moshi. Hata hivyo maji mengi tunayokunywa mjini bado yanatoka kwenye chemchemi za juu, Nsere na Shiri, na kushuka yenyewe kwa mteremko. Kanuni ni ile ile ya mwenye mfongo, bomba tu ndilo jipya.

Kutoka hapo tunateremka upande wa Karanga. Sitakaa sana. Gereza la Karanga limeshona viatu kwa miongo mingi, na sasa pana kiwanda kikubwa cha bidhaa za ngozi, ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF. Njiani tutapita mafundi wa kuchomelea, wanaotengeneza mageti na madirisha, mikokoteni na mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Ningependa wageni wasiwapite kwa kupiga picha na kuondoka. Wamwulize fundi kipimo amekipata wapi. Mara nyingi utakuta aliona mashine ya mtu, akaipima kwa macho, akaitengeneza kwa chuma alichonacho, kisha mteja akamrudishia malalamiko, akairekebisha mara kadhaa hadi ikakubali. Hiyo ndiyo maabara yetu. Na ina ukoo mrefu: wahunzi wa Mamba walikuwa wakifua mikuki na majembe kwa chuma kilichoyeyushwa Upareni, na biashara hiyo kati ya milima miwili ilikuwapo kabla mzungu wa kwanza hajauona mlima.

Tufike stesheni. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, kilomita 352. Ilichukua miaka kumi na minane, na iliwatumikisha watu wengi. Ni reli iliyouhamisha mji: Moshi ya kale ilikuwa juu, kwenye himaya ya Mangi Rindi na mwanawe Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Mji huu tunaouita Moshi leo uliota chini, penye stesheni. Treni ya abiria ilipotea kwa zaidi ya miaka ishirini, ikarudi Desemba 2019, na nakumbuka jinsi watu wazima walivyokwenda kuipokea na wajukuu wao. Mwongozaji mzuri atapata pale wazee wa reli wa kuwasikiliza.

Jirani na reli ndiko kiliko kiwanda cha kukoboa kahawa, kazi inayofanyika mjini hapa tangu miaka ya 1920. Kahawa ya mkulima inafika ikiwa na ganda lake kavu. Hapo inakobolewa, inachambuliwa kwa ukubwa na uzito, na kupewa daraja. Waonjaji wanaivuta kwa kijiko, wanaitema, wanaandika. Mnada uliofanyika Moshi kwa miaka mingi ulitegemea ndimi hizo. Sijui kwa nini hatujawahi kuwaonyesha wanafunzi wetu kazi ya mwonja kahawa, kazi ya kitaalamu ambayo ingemfungua macho mtoto wa mkulima.

Na sasa tusimame mbele ya jengo la KNCU. Hapa naomba tukae muda mrefu.

Kahawa ya arabika ililetwa mlimani na wamisionari Wakatoliki wa Kilema katika miaka ya 1890. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wachaga wakaanza kuipanda kwa wingi, na afisa wa Kiingereza Charles Dundas akawaunga mkono. Walowezi hawakupenda. Walisema Mwafrika hataweza kuitunza arabika, atasambaza wadudu na magonjwa kwenye mashamba yao. Lililokuwa moyoni ni kwamba mwenye kahawa yake mwenyewe haendi kuwa kibarua kwenye shamba la mwingine.

Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Tazama ufundi wa jibu lao. Hawakuishia kulalamika kwamba wameonewa. Walinunua dawa na mabomba ya kupulizia kwa pamoja, wakatunza miche, wakapambana na wadudu, ili ile hoja ya walowezi ikose pa kusimama. Walijibu siasa kwa kilimo bora, na kwa hesabu. Wakuzaji wadogo, mwenye miti mia na mwenye miti mia mbili, wakawa na sauti moja mbele ya mnunuzi.

Sheria ya vyama vya ushirika ikaja 1932, na mwaka 1933 KNCU ikasajiliwa, ikiwa miongoni mwa vyama vikuu vya kwanza vya ushirika vya wakulima Waafrika. Mkulima alipeleka kahawa kwenye chama cha msingi, pale pale kijijini, ikapimwa mbele yake, akapewa malipo ya kwanza. Kahawa ikauzwa kwa pamoja, gharama zikatolewa, na baadaye yakaja malipo ya pili. Hayo malipo ya pili ndiyo yaliyojenga nyumba za bati na kulipa karo. Chama kilichangia elimu pia, na mkoa huu ukapata sifa ya kusomesha ambayo wengine wanatutania nayo hadi leo.

Mwongozaji asiache kusema habari ya mwaka 1937. Bei ilikuwa imeanguka, na sheria ikawalazimisha wakulima kuuza kupitia chama tu. Watu wakakataa. Palizuka ghasia, wakulima hao hao wakavigeukia vyama vyao wenyewe, na serikali ya kikoloni ikatumia nguvu kuwatuliza. Nimewasikia watu wakitaka sehemu hiyo irukwe kwa kuwa inachafua sifa ya ushirika. Mimi naona inaipa uzito. Mapatano ya mfongo yalidumu kwa sababu kila mtu aliiona faida yake na aliweza kuyahoji. Mapatano ya kulazimishwa, hata yakiwa na nia njema, mkulima anayakataa.

Na yalikuja mengine ya kulazimishwa. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwamo. Katika miaka ya 1980 vikarudishwa. Katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, chama kikayumba, na baadaye baadhi ya vyama vya msingi vikajitenga na kuanza kuuza kwa pamoja chini ya jina la G32. Wapo wanaosema ni mgawanyiko, na wapo wanaosema ni ushirika umejizaa upya. Msimamo wangu ni wa pili. Watu waliokosa imani na chombo kimoja walitengeneza kingine cha namna ile ile, wakitumia ujuzi ule ule wa babu zao.

Hapa hapa mjini ndipo kilipozaliwa mwaka 1963 Chuo cha Ushirika, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Chuo kikuu kizima cha kusoma jinsi watu wanavyoshirikiana! Wanafunzi wa pale ndio ningewapa kazi ya kwanza ya kuandaa matembezi haya, maana nyaraka, walimu na muda wanavyo.

Wasikilizaji, kwa kuwa tunazungumza redioni, niruhusuni nigeuke kidogo njiani. Mwaka 1963 kilifunguliwa Addis Ababa kituo kikubwa cha masafa mafupi cha makanisa ya Kilutheri, Radio Voice of the Gospel, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitengenezwa hapa Moshi, kwenye studio ya Sauti ya Injili. Kanda zilirekodiwa chini ya mlima, zikasafirishwa hadi Ethiopia, zikarudi hewani na kumfikia msikilizaji wa Machame kwenye redio yake ya mkulima. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliichukua mitambo ile. Studio ya Moshi haikufa, na leo Sauti ya Injili inatangaza kutoka hapa hapa. Mafundi mitambo na watangazaji wa zama zile walijifunza kukata kanda kwa wembe na kuiunga kwa gundi, na sauti zao ningependa zisikike kwenye matembezi haya.

Tuchukue daladala sasa, twende KCMC. Hospitali hiyo ya rufaa ilifunguliwa mwaka 1971. Watu wengi wanaijua kwa ugonjwa, wachache wanaijua kwa utengenezaji. Ndani ya uzio wake kuna TATCOT, chuo kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Wanafunzi wamekuja kutoka nchi nyingi za Afrika. Mguu bandia unaonekana jambo dogo kwa mwenye miguu miwili. Kwa aliyeupoteza kwenye ajali ya bodaboda, ni tofauti kati ya kukaa kibarazani na kurudi kazini. Na kila mguu ni kipimo chake: fundi anachukua umbo la kisiki kwa plasta, anatengeneza soketi, anamsimamisha mtu, anamtazama anavyotembea, anarekebisha.

Kando yake kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992. Humo, mwanzoni mwa muongo wa 2010, mfamasia Mhispania Mafalda Soto na wenzake walianza kutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, yanayoitwa Kilisun. Jua letu linawaua hawa ndugu zetu taratibu, kwa saratani ya ngozi, wengi wakiwa vijana. Mafuta ya dukani yalikuwa ghali na yametengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda ufukweni wakati wa likizo. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu na kushinda shambani alihitaji kitu kingine. Kwa hiyo wakawauliza watumiaji wenyewe, wakayatengeneza hapa, wakayagawa pamoja na kofia na mafunzo ya kujikinga, na baadhi ya wanaoyatengeneza wenyewe wana ualbino. Katika vyote ninavyovitaja leo, hiki ndicho ningemwonyesha mtoto kwanza, kwa sababu kinaanzia kwenye uchungu wa jirani yake anayemjua kwa jina.

Matembezi ya kweli hayawezi kukwepa magofu. Moshi ilikuwa na kiwanda cha magunia, ilikuwa na kiwanda cha viberiti. Katika barabara ya Arusha, upande wa Hai, kuna kiwanda cha mashine na vipuri kilichojengwa kwa ushirikiano na Bulgaria katika miaka ya 1980, ambacho kwa muda mrefu kilisinzia. Wajapani nao walisaidia kuanzisha hapa kituo cha kuendeleza viwanda vidogo, vijana wakafundishwa kufua na kuyeyusha chuma. Mafundi waliopita kwenye sehemu hizi wapo mitaani. Majengo yakifungwa, ujuzi unatembea na mwenye nao, na ukimfuata fundi mzuri wa mjini hapa nyuma hadi alikojifunza, si ajabu ukafika kwenye moja ya milango hiyo iliyofungwa.

Kuna hadithi ya tambarare ya Moshi Chini ambayo ningependa isimuliwe kwa marefu. Mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japan ulikamilika mwaka 1987, ukitumia maji ya Njoro na Rau. Mpunga mpya wa muda mfupi ulizaa kuliko mtu yeyote alivyozoea, na kijiji cha Chekereni kikajulikana. Wakulima wa juu ya mradi walipoona faida, nao wakapanda mpunga, nao wakachukua maji. Mashamba ya chini, yaliyokuwa ndani ya ramani, yakakauka. Waliopanga mradi waliliita hilo tatizo. Tukiitazama kwa jicho la mfongo, tunaona wazi kilichokosekana: mifereji ya zege ilikuwapo, lakini mapatano kati ya wa juu na wa chini hayakuwapo. Walihesabu maji wakasahau majirani.

Na akina mama, mtaniuliza? Nimezungumza habari ya ukoo, kahawa na vyama, na kweli humo mwanamume ndiye aliyeshika daftari. Kwa hiyo sehemu moja lazima iwe Soko la Mbuyuni, kwa wauza ndizi, wanaojua mshare wa mtori, ndizi ng'ombe ya mbege na kisukari ya mtoto bila kuuliza. Na sehemu nyingine, kwa wenye nafasi ya kupanda gari hadi Machame, iwe Nronga. Huko mwaka 1988 wanawake waliunda chama chao cha ushirika cha maziwa. Kahawa ilikuwa ya baba, maziwa yalikuwa ya mama, na bei ya kahawa ilipokuwa inasuasua, akina mama wakachukua chombo kile kile kilichobuniwa na babu zao mwaka 1925 wakakitumia kwa mali yao: kukusanya kwa pamoja, kupima mbele ya mwenye mali, kuuza kwa sauti moja. Aliyesema ushirika umekufa Kilimanjaro hajapanda Nronga asubuhi kuona akina mama wamepanga foleni na madumu yao.

Hayo yote yanawezekana bila fedha nyingi. Hatuhitaji jumba la makumbusho. Tunahitaji njia iliyochaguliwa vizuri, vibao vichache vilivyoandikwa kwa Kiswahili kwanza, na watu wanaojua kusimulia. Baadhi ya shule zetu za sekondari sasa zina mkondo wa amali. Mwalimu wa amali anayewapeleka wanafunzi kwa fundi wa Karanga na kisha mbele ya jengo la KNCU atakuwa amefundisha zaidi ya ubao wake. Vijana wanaoongoza watalii nao watapata kazi katika ile miezi ya mvua ambayo mlima una wageni wachache. Na mtalii akitaka kuja, karibu, alipe, lakini asiwe ndiye tunayemwandalia. Mgeni tukimweka mbele, tutaanza kuchagua yanayompendeza, na mwaka 1937 utarukwa, na Moshi Chini itarukwa, na mafundi watabaki kuwa mandhari ya picha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Manispaa ya Moshi iipokee fikra hii na kuwaita Chuo Kikuu cha Ushirika, walimu na waongoza watalii wakae mezani. Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwenu yupo aliyekuwa karani wa chama cha msingi, fundi wa reli, mpimaji wa kahawa, mama wa maziwa au msimamizi wa mfongo, kaa naye jioni ya leo na simu yako, mrekodi. Mwulize jina la mfongo wao, mwaka aliojiunga na chama, na nani alimfundisha kazi. Wengi wa watu hao wamepita miaka themanini.